Fanani Bila Hadhira? Tafakuri kuhusu Chimbuko la Ilhamu katika Fasihi ya Watoto ya Kiswahili

Ikisiri

Katika uhakiki wa fasihi ya watoto ya Kiswahili, swali la wapi mwandishi hupata ilhamu hujibiwa mara nyingi kwa kutaja ngano za kimapokeo. Makala haya yanalihoji jibu hilo. Kwa kulinganisha ushuhuda wa waandishi kadhaa wa watoto na historia ya ngano za Kiswahili katika maandishi, yanadai kwamba kilichoifanya ngano iwe na uhai hakikuwa msuko peke yake, bali uhusiano wa fanani na hadhira inayoitikia. Uhusiano huo ndio uliopungua ngano ilipohamia kitabuni. Makala yanaonesha pia kwamba athari za msikilizaji zinaweza kutafutwa katika lugha ya matini yenyewe, hususani katika majina, homonimu na upatanisho wa kisarufi. Mwisho, yanapendekeza maswali yatakayomsaidia mtafiti kuvuka orodha ya motifu na kufika kwenye sauti ya mtoto.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa uzamili zoezi moja kabla hatujasoma nadharia yoyote ya fasihi ya watoto. Kila mmoja huandika hadithi ya kurasa mbili kwa ajili ya mtoto wa miaka saba, kisha hueleza ameitoa wapi. Matokeo hayanishangazi tena. Wengi huanza na "Hapo zamani za kale", humwingiza Sungura, humfuatisha Fisi, na humalizia kwa funzo. Wakiulizwa chimbuko, hujibu kwamba walisimuliwa na bibi. Nikiendelea kudadisi, bibi alisimulia kwa lugha gani, nani walikuwapo, walicheka wapi, nani alimkatiza, kimya hutanda. Baadhi hukiri mwishowe kwamba hadithi hiyo hawakuisikia kwa bibi yeyote. Waliisoma katika kitabu cha shule ya msingi.

Kimya hicho ndicho kilichozaa makala haya. Sidai kwamba wanafunzi wangu ni waongo. Wanarudia jibu ambalo sisi wahakiki tumewafundisha. Katika tasnifu nyingi ninazozisoma, sura inayohusu chimbuko la kitabu cha watoto hutimiza wajibu wake pindi inapobaini kwamba msuko fulani unafanana na ngano fulani. Mtafiti huorodhesha motifu, huhitimisha kwamba mwandishi "amechota kutoka katika fasihi simulizi", kisha huendelea na dhamira. Swali la nini hasa kilichochotwa, na nini kiliachwa kisimani, halijitokezi.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba chimbuko lenye rutuba zaidi la kitabu cha watoto ni msikilizaji. Hadithi anayopewa msikilizaji huyo inaweza kutoka popote: katika ngano, katika kitabu cha kigeni, au katika tukio la jikoni. Kinachoifanya iwe kitabu cha watoto ni kuwapo kwa mtoto anayedai, anayekatiza, anayekosoa na anayeitikia. Istilahi za fanani na hadhira zimezoeleka katika taaluma ya fasihi simulizi. Ninachopendekeza ni kwamba tusiziache mlangoni tunapoingia katika fasihi andishi ya watoto.

2.0 Ushuhuda wa waandishi

Tuanze na waandishi wanne wa Ulaya ambao masimulizi ya chimbuko la vitabu vyao yanajulikana vyema. Ninawachagua kwa sababu ushuhuda wao umehifadhiwa kwa kina, na kwa sababu vitabu vya wawili kati yao vilitafsiriwa kwa Kiswahili mapema.

Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Oxford aliyejulikana baadaye kama Lewis Carroll, alikuwa katika mashua mtoni pamoja na rafiki yake na wasichana watatu wa familia ya Liddell. Watoto walidai hadithi, akawabunia. Mmoja wao, Alice, alimwomba aiandike. Nakala ya mkono ilimfikia mtoto huyo mwaka 1864, na kitabu kikachapishwa mwaka 1865. Mwaka 1940 kilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*.

Beatrix Potter, mnamo Septemba 1893, alimwandikia barua mtoto mgonjwa, mwana wa mwalimu wake wa zamani. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumweleza, alimsimulia na kumchorea kisa cha sungura wanne. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua hiyo, akaikuza, akaichapisha kwa gharama zake mwaka 1901, na mwaka 1902 mchapishaji akaipokea.

Robert Louis Stevenson alianza *Kisiwa chenye Hazina*, ambacho Frederick Johnson alikitafsiri kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, katika siku za mvua za mwaka 1881 huko Scotland. Alikuwa na mtoto wa kambo aliyekuwa akichorachora, na katika mchezo huo ikapatikana ramani ya kisiwa. Ramani ilizaa hadithi, na hadithi ikasomwa kwa sauti nyumbani kadiri sura zilivyokamilika. Baba yake Stevenson, mzee aliyekuwa akisikiliza pamoja na mtoto, alivutiwa kiasi cha kuandika mwenyewe orodha ya vitu vilivyomo katika sanduku la baharia.

Wa nne ni Astrid Lindgren wa Sweden. Mwaka 1941 binti yake Karin, akiwa mgonjwa kitandani, alimtaka mama amsimulie habari za Pippi Långstrump. Jina hilo halikuwapo popote. Mtoto alilibuni palepale. Lindgren alieleza baadaye kwamba, kwa kuwa jina lilikuwa la ajabu, ilimbidi abuni msichana wa ajabu wa kulibeba. Alisimulia kwa miaka, akaandika mwaka 1944 alipoumia kifundo cha mguu, na kitabu kikatoka mwaka 1945 baada ya mchapishaji mmoja kukikataa.

Mhakiki makini hatayapokea masimulizi haya bila tahadhari. Hadithi ya chimbuko ni utanzu wenye kanuni zake: siku maalumu, mtoto mmoja, hadithi iliyobubujika yenyewe. Carroll na waliokuwa naye waliikumbuka alasiri yenye jua kali. Wachunguzi wa baadaye waliopekua kumbukumbu za hali ya hewa wameitilia shaka kumbukumbu hiyo. Aidha, zipo faida za kibiashara katika kumweleza msomaji kwamba kitabu kilizaliwa kwa upendo.

Hata hivyo, tukiondoa jua na upendo, hubaki jambo linalojirudia katika visa vyote vinne ambalo halihitaji kupambwa. Msikilizaji hakuwa chombo tupu cha kujazwa. Alice alidai maandishi. Mtoto wa barua alimlazimisha mwandishi kupima kila sentensi kwa picha. Mzee Stevenson alijaza sanduku. Karin alitoa jina. Katika kila kisa, sehemu ya kitabu ilitoka upande wa pili wa mkeka. Hili ndilo wataalamu wa fasihi simulizi wangeliita, bila kusita, mwitiko wa hadhira.

3.0 Ngano ilipoingia kitabuni

Tukirejea Afrika Mashariki, tunakuta kwamba mwitiko huo ulitambuliwa mapema na mmoja wa watu wa kwanza kuzichapisha ngano za Kiswahili. Edward Steere alichapisha *Swahili Tales* mjini London mwaka 1870, mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Katika dibaji yake alibainisha kwamba hadithi za wenyeji huwa na kibwagizo ambacho wote waliopo hukiimba pamoja. Aliongeza kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika vipande hivyo vya wimbo, na kwamba msimulizi huviunganisha kwa maelezo anayoyabuni papo hapo.

Uchunguzi huo una uzito kuliko tulivyoupa. Ikiwa Steere yu sahihi, kile tunachokiita "hadithi", yaani mfululizo wa matukio, ndicho kilichokuwa kikibadilika kila usiku. Kilichodumu ni pale ambapo hadhira ilifungua kinywa. Hadithi ya Sultani Majnuni katika mkusanyiko huohuo inalithibitisha hili. Mwana wa sultani anatoka kumsaka nunda mla watu. Kila anapoua mnyama humburura hadi nyumbani huku akiimba kwamba amemuua nunda, na mama yake humjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Mnyama hubadilika, wimbo haubadiliki, na jibu la mama halibadiliki hadi mwisho. Mtoto anayesikiliza kwa mara ya pili anajua atakachojibu mama kabla mama hajajibu. Naye hujibu.

Sasa tutazame kilichotokea baadaye. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu na vitabu vyake, na Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilifuata mwaka 1948. Ngano ilihitajika shuleni kama zoezi la kusoma. Ili itimize kazi hiyo ilifupishwa, ikanyooshwa, ikaondolewa takriri ambazo jicho huziona kuwa ni upotevu wa karatasi, na mwishoni ikawekewa maswali ya ufahamu. Si ajabu kwamba kitu cha kwanza kuondolewa kilikuwa wimbo. Kinywa cha mtoto kilifungwa, na mahali pake pakawekwa swali: "Hadithi hii inatufundisha nini?"

Zipo sababu nyingine mbili za kutilia shaka jibu la "bibi". Kwanza, kwa waandishi wengi wa Tanzania na Kenya bibi huyo hakusimulia kwa Kiswahili. Tanzania ina lugha za jamii zaidi ya 100. Bibi alisimulia kwa Kisukuma, Kihaya, Kinyakyusa au Kigogo, akiwa na vianzio vyake, nyimbo zake na miito yake. Mwandishi anapoiandika ngano hiyo kwa Kiswahili, anatafsiri. Wimbo ndio mgumu zaidi kutafsirika, kwa hiyo huachwa. Mwito wa jamii husika hubadilishwa kwa "Hapo zamani za kale", au kwa "Paukwa" isiyomngoja mtu aseme "Pakawa". Kinachovuka ni msuko, na msuko ndicho kitu kisichokuwa na mwenyewe.

Pili, hata huko Zanzibar ngano haikuwa na chemchemi moja. Kisa cha punda wa dobi katika mkusanyiko wa Steere, chenye kima aliyeacha moyo wake nyumbani, kina ndugu katika *Kalila wa Dimna*, na kupitia huko katika *Panchatantra* ya Bara Hindi. Kisa hicho kimevuka bahari na karne nyingi. Kusema kwamba mwandishi wa leo amekitoa "katika jadi yetu" ni kweli, lakini kunatueleza machache mno kuhusu kazi aliyoifanya. Swali lenye manufaa ni hili: kwa nini kisa cha mgeni kilipofika Unguja kilikaa kama mwenyeji?

Jibu moja tunaweza kulipata kwa Shaaban Robert. *Adili na Nduguze* (1952), ambayo vizazi vya wanafunzi vimeisoma wakiwa wadogo, imejengwa juu ya kisa cha *Alfu Lela Ulela* cha liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama. Mhakiki anayetafuta motifu atafikia hapo na kufunga daftari. Lakini tuyatazame majina. Liwali si Abdallah tena, ni Adili. Mfalme ni Rai. Ndugu wawili ni Hasidi na Mwivu. Majina haya huitwa ya kimajazi, na mara nyingine hulaumiwa kwamba yanaanika tabia ya mhusika kabla hajatenda. Mimi ninayaona kwa namna tofauti. Msikilizaji wa Kiswahili anaposikia "Hasidi", ulimi wake tayari unamalizia: *hana sababu*. Methali imo ndani yake, inangoja kuitwa. Na "Mwivu", ambamo kiambishi cha mtu kimevishwa juu ya *wivu*, humfikia hata mtoto asiyejua Kiarabu cha neno la kwanza. Shaaban Robert alichukua msuko wa wengine akaupa majina yanayoitikiwa. Mwito na kiitikio, vilivyotolewa mlangoni na kitabu cha kiada, vilirudi kupitia dirisha la msamiati.

4.0 Sarufi kama mahali pa kumtafuta msikilizaji

Mfano huo unatuongoza kwenye dai la pili. Ikiwa msikilizaji ndiye chimbuko, athari zake hazitaonekana katika msuko. Zitaonekana katika lugha. Hapa mwanaisimu ana la kuchangia ambalo mwanafasihi peke yake anaweza kulikosa.

Katika sura ya tatu ya kitabu cha Carroll, mzaha mzima unasimama juu ya maneno mawili ya Kiingereza yenye matamshi mamoja, moja likiwa na maana ya hadithi na jingine mkia. Panya anasimulia hadithi yake. Alice anasikia habari za mkia, na ukurasa wenyewe unapangwa kwa umbo la mkia. Ni mzaha wa sikio la mtoto. Katika Kiswahili *hadithi* na *mkia* havikutani popote, na mfasiri yeyote, awe hodari namna gani, hapo anakutana na ukuta. Lakini ukuta huo unatufundisha jambo: ilhamu ya aina hii haisafiri kutoka lugha moja hadi nyingine, ilhali misuko husafiri. Kila lugha ina ya kwake.

Kiswahili kina zipi? Miongoni mwa hadithi za zoezi nililolitaja, moja iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyeji wa Pwani ilinifanya niache kusahihisha. Haikuwa na Sungura. Ilianza jikoni, ambako bibi mwenye nazi mkononi anamwambia mjukuu aliyeletwa kutoka bara: "Niletee mbuzi." Mtoto anatoka uani, anamkuta beberu, anamfungua, anamvuta kwa pembe hadi mlangoni. Kwa mwenyeji wa Pwani, mbuzi anayehitajika jikoni ni kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi. Nilipomuuliza mwanafunzi huyo chimbuko lake, hakusita. Mpwa wake alikuwa amefanya hivyo hasa, nyumba nzima ikacheka, na mtoto akalia. Aliandika, alisema, ili mtoto yule apate kucheka pia.

Angalia kinachotendeka katika sarufi. *Mbuzi* wa uani huchukua upatanisho wa viumbe hai: mbuzi *wa* bibi *a*meanguka. *Mbuzi* ya jikoni huchukua upatanisho wa ngeli yake: mbuzi *ya* bibi *i*meanguka. Amri "Niletee mbuzi" haina kipatanishi chochote cha kumwokoa mtoto. Baadaye, alipokwisha kufahamishwa, mtoto katika hadithi ile anatamka: "Mbuzi ya bibi ina meno, lakini haijawahi kula jani." Tofauti kati ya *haijawahi* na *hajawahi* ni irabu moja tu, na juu ya irabu hiyo umesimama ulimwengu mzima wa chombo na mnyama. Mtoto wa miaka saba anayeisikia tofauti hiyo anafurahia umahiri wake mwenyewe wa lugha. Hakuna ngano iliyotoa hadithi hiyo, wala hakuna lugha nyingine ambayo ingeweza kuitoa.

Suala hili ni pana kuliko mzaha wa neno moja. Kila mwandishi wa Kiswahili anayetumia tashihisi hulazimika kuamua: kijiko *ki*lisema, au kijiko *a*lisema? Kipatanishi cha kwanza hukiacha kijiko mezani. Cha pili hukipa roho. Vivyo hivyo kwa zimwi. Methali "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" inaliweka zimwi katika *li-*, nje ya watu. Mwandishi anayemruhusu zimwi aseme kwa *a-* amekwisha kumsogeza karibu na mtoto, pengine kabla msuko haujasema hivyo. Katika vitabu vingi nilivyovihakiki, uamuzi huu hufanywa na mhariri anayesahihisha "makosa", naye huusawazisha kwa kufuata ngeli kitabu kizima. Ninapouona usawazishaji huo, ninashuku kwamba hakuna aliyewahi kukisoma kitabu hicho kwa sauti mbele ya mtoto. Watoto hawasiti kumkatiza msomaji anayesema *kilisema* pale ambapo wao wamekwisha kukubali kwamba kijiko ni mtu.

Mfano wa mwisho uko katika jalada. Marehemu Ken Walibora alikiita kitabu chake cha vijana *Ndoto ya Amerika* (2001). Kiswahili kina jina *Marekani*, nalo ndilo linalotawala katika magazeti na vitabu vya jiografia. *Amerika* ni jina la nchi ile inavyotajwa katika maongezi, na ndiyo inayoweza kuotwa. Siwezi kuthibitisha kwamba Walibora aliliokota jina hilo kinywani mwa mtoto fulani. Ninachoweza kusema ni kwamba mwandishi aliyekuwa akiandika kwa ajili ya mkaguzi wa lugha angeweza kuandika jina jingine, na kwamba ndoto ya Marekani ingekuwa ndoto ya mtu mzima.

5.0 Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kupinga kwamba ninawabebesha waandishi wetu mzigo usio wao. Carroll na Potter walikuwa na kipato na nafasi. Hawakuandika kwa kuagizwa. Mwandishi wa Kiswahili huandika mara nyingi kwa sababu mchapishaji anahitaji kitabu kitakachokubalika shuleni, au kwa sababu kuna mradi utakaonunua nakala. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulisaidia vitabu vingi kuzaliwa kwa njia hiyo ya kununua nakala na kuzifikisha shuleni. Bila agizo, vitabu vingi visingekuwapo.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini halipingi hoja yangu. Agizo na ilhamu si mahasimu. Selma Lagerlöf aliagizwa na chama cha walimu wa Sweden kuandika kitabu cha kiada cha jiografia. Alihangaika kwa miaka akitafuta namna ya kuifanya ramani imsemeshe mtoto, hadi alipompata mvulana aliyepunguzwa akawa mdogo na kupandishwa juu ya mgongo wa bata bukini. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1906 na 1907, ni cha kiada, na ni miongoni mwa vitabu vya watoto vinavyosomwa zaidi duniani.

Karibu na sisi zaidi yuko Chinua Achebe. Ameeleza kwamba yeye na mkewe walishtuka walipogundua kuwa binti yao mdogo, aliyekuwa akisoma katika shule ya awali mjini Lagos, alikuwa amejifunza kuikana rangi yake. Wakapekua vitabu walivyomnunulia dukani kwa nia njema, wakakuta sumu ndani yake. Wakati huohuo rafiki yake, mshairi Christopher Okigbo, aliyekuwa akifanya kazi na mchapishaji, alimsihi aandike kitabu cha watoto. *Chike and the River* kilitoka mwaka 1966. Agizo lilikuwapo, muda wa mwisho ulikuwapo. Lakini kabla ya agizo kulikuwa na sentensi ya mtoto ambayo baba hakuweza kuisahau. Agizo lilileta kalamu. Mtoto alileta sababu.

Pingamizi la pili ni kwamba msikilizaji pekee hatoshi. Wazazi wasiohesabika husimulia watoto wao kila usiku, na hakuna kitabu kinachopatikana. Ninakubali. Lindgren aliandika upya. Potter alikuza barua fupi ikawa kitabu. Hata wimbo wa nunda ulihitaji msimulizi mwenye kumbukumbu na sauti. Ustadi hauna mbadala. Dai langu ni dogo zaidi: ustadi usio na msikilizaji hutoa vitabu sahihi ambavyo hakuna mtoto anayeomba visomwe tena. Na ombi la "tena" ndilo uhakiki wa kwanza na mkali kuliko wote ambao kitabu cha watoto hukutana nao.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kulihamisha swali la chimbuko kutoka kwenye msuko hadi kwenye uhusiano. Ngano ni hazina, na mwandishi anayo haki ya kuchota. Lakini alichokirithi kwa bibi, ikiwa kweli alikaa miguuni pake, hakikuwa kisa cha Sungura peke yake. Alirithi pia ile hali ya kungojwa: mtambaji hakuendelea hadi aitikiwe. Kuchukua kisa na kuacha mngojo ni sawa na kuchukua kifuu na kuacha nazi.

Kwa mtafiti, yanatokana na hoja hii maswali matatu ambayo ningependa kuyaona katika tasnifu zijazo kando ya orodha ya motifu. La kwanza: ni wapi katika matini mtoto anapewa nafasi ya kusema jambo kabla ya msimulizi kulisema? La pili: ni uamuzi gani wa kisarufi, wa jina, ngeli au upatanisho, unaoonesha kwamba mwandishi alisikia namna watoto wanavyosema Kiswahili, wakiwamo wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili? La tatu: kama chimbuko ni ngano, ilisimuliwa kwa lugha gani, na wimbo wake uko wapi?

Kwa wahariri nina ombi moja la kikazi. Kabla *alisema* ya kijiko haijageuzwa kuwa *kilisema*, muswada usomwe kwa sauti mbele ya watoto wachache, na mhariri aandike pembeni kila mahali walipomkatiza. Gharama yake ni alasiri moja.

Nami nimelibadilisha zoezi langu. Siku hizi siwaambii wanafunzi waandike hadithi kwa ajili ya mtoto wa miaka saba. Ninawaambia wamtafute mtoto mmoja, wamsimulie lolote walitakalo, kisha walete darasani alichosema yeye. Sungura bado huja, maana hakuna wa kumzuia. Ila sasa huja akifuatwa na swali ambalo mtoto fulani aliuliza, na mara nyingi swali hilo ndilo hadithi.